Jinsi Akili Inavyotafuta Jambo Lililosikiwa Punde

Kumbukumbu za mtu ni za namna mbili. Iko ile ya siku nyingi, iwekayo majina ya wazee wetu na njia ya kwenda kwao. Na iko ile ya punde, ishikayo jambo kwa muda mfupi mpaka kazi yake iishe. Mtoto wa Mwanza akitumwa sokoni Kirumba kununua chumvi, kiberiti, sabuni na dagaa, huenda akiyataja hayo moyoni. Akiulizwa njiani, "Je, umetumwa na mafuta pia?" hunyamaza kidogo, ndipo ajibu, "La." Katika kunyamaza kule akili yake inafanya nini? Swali hili latuhusu sana sisi walimu, maana mara nyingi mtoto anyamazaye kidogo huhesabiwa kuwa mjinga.

Kwanza watu walitaka kujua ukubwa wa kumbukumbu hiyo. Mwaka 1887 Joseph Jacobs, huko London, alieleza jinsi watoto wa shule walivyosomewa tarakimu moja moja, wakazirudia kwa taratibu ile ile. Akaona kuwa wakubwa hushika nyingi kuliko wadogo. Mwaka 1956 George Miller, Mmarekani, akaandika kuwa mtu mzima hushika vitu kama saba, pengine viwili zaidi au viwili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan akasema ni karibu vinne tu, mtu asipopata nafasi ya kuviunga pamoja. Huko kuunga kuna maana kubwa. Tarakimu 1, 8, 5, 8 ni mizigo minne kwa asiyejua kitu. Bali kwa aliyefundishwa kuwa 1858 ndio mwaka Speke alipoliona ziwa letu, ni mzigo mmoja.

Je, watu wa Afrika wana kumbukumbu ya namna nyingine, kama wageni wengi walivyodhani zamani? Frederic Bartlett, mwalimu wa Cambridge, alilichunguza neno hili katika nchi ya Waswazi, akalieleza katika kitabu chake cha mwaka 1932. Mchungaji mmoja alimtajia ng'ombe walionunuliwa mwaka uliopita, na rangi zao, na bei zao, akakosea kidogo tu. Wasukuma hawatastaajabu kwa habari hiyo, maana ng'ombe ndio mali na heshima. Lakini Bartlett alipompa mtoto mmoja ujumbe mfupi aupeleke upande wa pili wa kijiji, mtoto yule aliacha maneno kadha, wala hakuwashinda watoto wa Kiingereza wa umri wake. Basi jambo lipendwalo hukaa siku nyingi. Bali kapu la kumbukumbu ya punde ni dogo kwa watu wote.

Sasa, kapu hilo hutafutwaje? Njia ya kulijibu swali ilifunguliwa mwaka 1868 na Donders, tabibu wa Uholanzi. Alipima muda wa mtu kujibu ishara moja, kisha muda wa kujibu alipopaswa kuchagua kati ya ishara mbili. Akautoa muda mdogo katika ule mkubwa. Uliosalia ukawa ndio muda wa kazi iliyoongezwa, yaani kupambanua na kuchagua. Hivyo kazi ya akili, isiyoonekana kwa macho, ikapimwa kwa saa.

Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1966, Saul Sternberg wa maabara ya kampuni ya simu ya Bell, Marekani, aliitumia njia ya saa kwa kumbukumbu. Alimwonyesha mtu tarakimu chache, tangu moja hata sita. Kisha akamwonyesha tarakimu moja ya kuulizia: kama ilikuwamo katika zile za kwanza, mtu aonyeshe "ndiyo", kama haikuwamo, "siyo". Watu walikosea mara chache sana. Kilichotofautiana ni muda. Kila tarakimu iliyoongezwa kapuni ilichelewesha jibu kwa sehemu kama 38 za elfu za sekunde moja. Akakata shauri kuwa akili huzipitia moja moja, upesi kuliko mtu awezavyo kuzitaja moyoni.

La ajabu zaidi ni hili. Kama akili ingeacha kutafuta mara ipatapo, jibu la "ndiyo" lingepitia nusu tu ya kapu kwa kawaida, na kila tarakimu ingeongeza muda nusu ya ule wa "siyo". Lakini nyongeza ilikuwa sawasawa. Ni kama mvuvi atafutaye ningu, ambaye hata akimwona juu ya kapu, huwapindua samaki wote mpaka chini ndipo aseme, "Yumo." Wengine hawakukubali. Mwaka 1971 James Townsend alionyesha kwa hesabu kuwa akili ikivitazama vitu vyote kwa pamoja, nguvu zake zikagawanyika, muda waweza kuwa vile vile. Lakini pande zote mbili zaona neno moja: mzigo ukizidi, jibu huchelewa.

Neno hili lina uzito kwetu wa ziwani. Mwaka 2002 Matthew Jukes na wenzake walitangaza habari za watoto wa shule wa Tanzania, wa miaka 9 hadi 14. Wale wenye kichocho kingi cha mkojo walikuwa nyuma ya wasio nacho katika majaribio ya kumbukumbu ya punde, na walikawia zaidi kujibu ishara. Uchunguzi huo peke yake haukuthibitisha kuwa kichocho ndicho chanzo. Hata hivyo, watoto wetu huoga na kuteka maji penye konokono wa kichocho, ziwani na katika malambo ya Usukuma. Hatuna ruhusa ya kupuuza.

Basi, walimu wenzangu, tutoe amri fupi. Tukiuliza, tungoje, kunyamaza kwa mtoto si utupu, bali ni kazi. Anayekawia kila siku tusimkimbilie kwa fimbo. Tumpeleke kwa mganga apimwe, na siku ya dawa za kichocho shuleni tuhakikishe amemeza. Wazee walisema, haraka haraka haina baraka. Na mtoto aliye katikati ya kulipindua kapu lake asikatizwe.