Shakira, Kiingereza na Hasira ya Waliompenda Kwanza

Katika semina moja ya muhula uliopita, tulipokuwa tukijadili uhusiano wa lugha na mamlaka katika Amerika ya Kusini, nilitoa mfano uliopokewa kwa vicheko. Nilitaja Laundry Service, albamu ya Shakira iliyotoka tarehe 13 Novemba 2001, ya kwanza ambayo sehemu yake kubwa aliiimba kwa Kiingereza. Wanafunzi walimtarajia Simón Bolívar. Wakaletewa mwimbaji wa kukata viuno. Nilisisitiza siku ile, na nasisitiza tena leo, kwamba ugomvi uliozuka kati ya mwimbaji huyo na sehemu ya mashabiki wake unastahili kusomwa kwa uangalifu ule ule tunaozisomea hotuba za marais.

Wengi wetu huku tulimjua kwa kuchelewa. Nakumbuka mwaka 2002, wimbo wake wenye filimbi za milima ya Andes ukipigwa ndani ya daladala za Dar es Salaam, nasi abiria tukiamini kwamba tunamsikia msanii chipukizi. Hakuwa chipukizi hata kidogo. Alizaliwa mwaka 1977 Barranquilla, mji wa bandari wa Kolombia katika pwani ya Karibi, na ukoo wa baba yake una asili ya Lebanoni. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1991, akiwa na umri wa miaka 14. Mbili za mwanzo hazikufua dafu sokoni. Ya tatu, Pies Descalzos, yaani Miguu Peku, ndiyo iliyomfikisha kwa vijana wa Amerika inayozungumza Kihispania. Mwaka 1998 ikafuata Dónde Están los Ladrones?, yaani Wezi Wako Wapi? Jina hilo lina kisa chake: begi lililobeba mashairi yake liliibwa katika uwanja wa ndege wa Bogotá, ikambidi aanze upya. Lakini Kolombia ya wakati huo ilikuwa na rais, Ernesto Samper, aliyemaliza muhula wake akijitetea dhidi ya tuhuma kwamba kampeni yake ya 1994 ilipokea fedha za wafanyabiashara wa dawa za kulevya. Katika nchi ya namna hiyo, anayeuliza wezi wako wapi hawezi kusikika kana kwamba anauliza habari za begi tu.

Hivyo ndivyo alivyopendwa: nywele nyeusi, gitaa mkononi, maneno makali kuhusu unafiki wa watu wazima. Mwaka 1999 Gabriel García Márquez, mshindi wa Tuzo ya Nobel na mzaliwa wa pwani hiyo hiyo ya Karibi, alimwandikia makala katika jarida la Cambio. Taifa lililozoea kutajwa ughaibuni kwa mabomu na kokeini lilikuwa limepata jina jingine la kutajiwa.

Mwaka huo huo, kampuni za muziki za Marekani ziligundua, kama mtu agunduavyo mto ambao wenyeji wamekuwa wakichota maji kwa karne nyingi, kwamba kuna waimbaji wa Kilatini. Ricky Martin wa Puerto Rico alitoa albamu ya Kiingereza iliyoingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya chati ya Billboard. Jennifer Lopez, Marc Anthony na Enrique Iglesias wakafuata. Wamarekani walikuwa na neno lao kwa jambo hilo, neno lenye maana ya kuvuka upande. Ukilichunguza neno hilo, linaanza kukatika mikononi. Lopez na Anthony walizaliwa New York. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani kwa sheria tangu mwaka 1917. Na Selena, binti wa Texas ambaye albamu yake Dreaming of You ilishika nafasi ya kwanza mwaka 1995, miezi michache baada ya kuuawa, alikulia katika Kiingereza na kujifunza Kihispania kwa ajili ya nyimbo zake. Walivuka kutoka wapi kwenda wapi? Hata hivyo Shakira alikuwa mvukaji wa kweli. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Gloria Estefan, Mkuba wa Miami aliyeipita njia hiyo kabla yake, ndiye aliyemshawishi ajaribu. Alijifunza lugha kwa kusoma mashairi ya Walt Whitman na Leonard Cohen, akaamua kuandika mwenyewe badala ya kuandikiwa. Na nywele zake zikawa za rangi ya dhahabu.

Hapo ndipo makelele yalipoanza. Mashabiki wengi wa Amerika ya Kusini walisema amejiuza; kwamba kampuni imemchukua mshairi wao na kumrudisha akiwa nakala ya Britney Spears. Nywele zile zilijadiliwa kana kwamba ni mkataba wa kimataifa uliotiwa saini usiku. Sisi tuna methali iliyo tayari kwa mashtaka ya aina hiyo: mwacha asili ni mtumwa. Lakini mahakama zilikuwa mbili. Upande wa kaskazini, baadhi ya wahakiki walimcheka kwa tamathali zao wasizozizoea, hasa utani wake wa kulinganisha kifua na milima katika ule wimbo wa filimbi. Utani huo huo umo katika toleo la Kihispania la wimbo, lililoitwa Suerte, na katika Kihispania ulipita kama mzaha wa msichana mjanja. Katika Kiingereza uligeuka kuwa ushahidi kwamba mgeni hajaijua lugha. Yeyote aliyewahi kutoa wasilisho katika lugha ya wenyewe ameionja aibu hiyo: akili yako haipungui, bali wasikilizaji wanaipunguza kwa niaba yako. Walionunua hawakujali. Albamu ilishika nafasi ya 3 Marekani na kuuza zaidi ya nakala milioni 13 duniani.

Sasa niseme ninachokiona katika hasira ile. Wengi huieleza kuwa ni utetezi wa lugha ya mama. Sikubaliani. Katika miaka ya 1990 Shakira aliimba baadhi ya nyimbo zake kwa Kireno kwa ajili ya Brazili, na katika Ojos Así, wimbo wa albamu ya 1998, anaimba kipande cha Kiarabu. Mambo hayo mawili hayakumletea tuhuma za usaliti. Kiarabu kile kilisifiwa kuwa ni heshima kwa wazee wake. Isitoshe, Kihispania chenyewe kilifika Kolombia juu ya farasi kikiwa na upanga. Katiba ya Kolombia ya mwaka 1991 ndiyo iliyokuja kuzitambua lugha za wenyeji na za makundi mengine kuwa lugha rasmi katika maeneo yao. Karibu na Cartagena, si mbali na Barranquilla, kipo kijiji cha San Basilio de Palenque, kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka, ambako mpaka leo husemwa Kipalenkero, lugha yenye maneno mengi ya Kihispania juu ya mizizi ya Kikongo, ndugu wa mbali wa Kiswahili hiki ninachoandika. Watu wa Palenque wangekuwa na haki ya kuwauliza mashabiki wale waliolia kwa ajili ya Kihispania: na ninyi, asili yenu mliiacha lini?

Lakini sitaki kuwashinda mashabiki kwa hoja rahisi kiasi hicho, kwa sababu nadhani waliona jambo la kweli ingawa walilipa jina lisilo lake. Tofauti ya Kireno, Kiarabu na Kiingereza haikuwa katika umbali wake na Kihispania. Ilikuwa katika mwelekeo. Kwenda Brazili ni kumtembelea jirani. Kwenda Kiingereza ni kupanda ngazi, na anayepanda ngazi huwaonyesha waliobaki chini mahali waliposimama. Zingatia wakati wenyewe. Mwaka 2000 serikali ya Bill Clinton ilipitisha msaada wa dola bilioni 1.3, sehemu kubwa ukiwa wa kijeshi, chini ya Mpango wa Kolombia. Helikopta zilikuja kutoka Marekani na sumu ya kuua mimea ya koka ikamwagwa kutoka angani, huku foleni ya viza mbele ya ubalozi ikiwa sehemu ya maisha ya Bogotá. Shabiki aliyebaki alimwona binti wa kwao akipokelewa mahali ambapo yeye mwenyewe angeulizwa salio la benki. Alimwona pia akilipa ushuru wa kupokelewa: lugha mpya, nywele mpya, utani wake kuchekwa vibaya. Na hakumwona yeyote wa upande wa pili akitozwa ushuru huo aje kwao. Madonna hakuhitaji kujifunza Kihispania ili auze Bogotá. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, na ni kweli. Methali haisemi kwamba fedha ya kumtunza imehamia kwingine.

Mwimbaji mwenyewe alionekana kulijua hilo. Laundry Service ina nyimbo nne za Kihispania, na mwaka 2005 alitanguliza Fijación Oral, albamu ya Kihispania, miezi kadhaa kabla ya ile ya Kiingereza. Ya Kihispania iliingia nafasi ya 4 kwenye chati ya Marekani, ya Kiingereza nafasi ya 5. Mwaka huo huo aliimba La Tortura kwa Kihispania kitupu katika sherehe za tuzo za MTV, naye Alejandro Sanz pembeni yake. Miaka 15 baadaye, Februari 2020, alipotumbuiza katika fainali ya mpira wa Kimarekani mjini Miami, aliuchezesha ulimi mbele ya kamera akapiga vigelegele, na mamilioni ya watazamaji wakaifanya ile sura kuwa kichekesho. Waarabu walijua ni sauti ya harusini. Watu wa Barranquilla walikumbuka kanivali yao. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa chochote. Mwisho wa mwaka huo Bad Bunny wa Puerto Rico akawa wa kwanza kuishika nafasi ya kwanza ya Billboard kwa albamu ya Kihispania pekee. Hakuvuka, mto ulihama. Ulihama kwa sababu kuna makumi ya mamilioni ya wasemaji wa Kihispania ndani ya Marekani yenyewe, na kwa sababu muziki wa simu hausubiri idhini ya meneja wa redio. Kama dharau nayo imehama, hilo ni swali jingine.

Nilipofika hapo katika semina, mwanafunzi mmoja aliyezoea kukaa kimya alinyoosha mkono. Mpaka dakika ile tulikuwa tumezungumza Kiingereza, kwa maana ndiyo lugha ya kufundishia katika chuo chetu. Yeye akauliza kwa Kiswahili: "Samahani, Dokta. Na wewe ulivuka lini?"

Darasa lilicheka, nami nikacheka nao, lakini sikuwa na jibu. Blogu hii naiandika kwa Kiswahili usiku. Mchana nafundisha kwa Kiingereza, na makala zilizonipandisha cheo zote ni za Kiingereza. Marehemu baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyehifadhi mashairi kwa moyo na kuwasomea majirani Shaaban Robert barazani, alipopelekewa tasnifu yangu aliivaa miwani, akafungua ukurasa wa shukrani, akasoma jina lake, akaifunga na kuiweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Hakulalamika. Nilimtazama nikadhani ameridhika.

Wiki iliyofuata niliwaruhusu wajadili mada ile ile kwa Kiswahili. Waliokuwa kimya tangu mwanzo wa muhula walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga chumba. Kisha wakaenda kuandika insha zao. Zililetwa 23, zote kwa Kiingereza kama kanuni inavyotaka, na maoni yangu pembezoni niliyaandika kwa Kiingereza.