Uzito wa Mtoto Asiyeitwa Kwenye Rede

Kwenye rede, aliye katikati hujaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira wa soksi unaorushwa kutoka pande mbili. Huinama, huchota, humimina, huruka. Watoto wa Makole, kama wenzao wa kata nyingine za Dodoma, huyajua hayo bila kufundishwa na mtu. Wapo wasioyaweza: mpira huwafikia kabla hawajachota, mchanga humwagikia nje ya chupa, na punde kundi huacha kuwaita.

Kwa baadhi yao, kushindwa huko ni tatizo la ukuaji katika uratibu wa viungo. Si kupooza, wala si upungufu wa akili. Kwa makadirio ya kimataifa huwapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule ya msingi, hivyo darasa la wanafunzi 60 laweza kuwa na watatu. Mwandiko wao hupinda, vifungo vya shati huwashinda. Mtaani huitwa goigoi.

Nchini Kanada, John Cairney na wenzake walifuatilia watoto zaidi ya 2,000 wa eneo la Niagara. Wenye tatizo hili walikuwa wazito kuliko wenzao, na tofauti ya mzingo wa kiuno iliongezeka kadiri miaka ilivyokwenda. Mtoto hushindwa, huchekwa, hukaa pembeni. Akinenepa, kuruka kunazidi kumwia vigumu. Kumwambia apunguze kula na acheze zaidi ni kuanzia mwisho wa kisa.

Msomaji wa Dodoma ataguna: shida yetu si udumavu? Ni kweli, mwaka 2022 asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Lakini udumavu nao huendana na kuchelewa kumudu viungo. Tena mji umebadilika tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na safari ya mtoto kwenda shule pamoja nao. Kutembea kwenda shule hakuhitaji kulenga wala kudaka. Hapo goigoi hulingana na wenzake. Akipandishwa bajaji kila asubuhi, ananyang'anywa zoezi pekee aliloliweza, na chipsi za jioni zinabaki palepale.

Shule nazo hujivunia UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mashindano hayo yana heshima yake, ila kazi yake ni kuchuja, na anayechujwa wa kwanza ndiye anayehitaji mchezo kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17, mwenye ulemavu akiwemo, apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Kombe kabatini halijazi dakika hizo kwa aliyeketi chini ya mwarobaini.

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2019 kuhusu tatizo hili la uratibu inashauri mtoto afundishwe tendo lenyewe analotaka kulimudu, hatua kwa hatua. Kwa rede, mwalimu aweza kuanza na chupa yenye mdomo mpana, mpira mkubwa laini na mrushaji mmoja, kisha amwongeze wa pili mtoto akishazoea.