Maeneo Saba ya Urithi wa Dunia Nchini Senegal

Senegal, nchi iliyo katika ncha ya magharibi kabisa ya bara la Afrika, ina maeneo saba yaliyomo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO). Mawili ni ya asili na matano ni ya kitamaduni.

La kwanza kuandikishwa ni Kisiwa cha Gorée, kilicho mkabala na jiji la Dakar, ambacho kilikuwa miongoni mwa maeneo 12 yaliyofungua orodha hiyo mwaka 1978. Nyumba ya Watumwa kisiwani humo hutembelewa na wageni wengi wanaokwenda kuwakumbuka Waafrika waliovushwa Atlantiki kwa nguvu.

Mwaka 1981 ziliandikishwa hifadhi mbili za taifa. Djoudj, yenye hekta 16,000 katika delta ya Mto Senegal, ni kituo cha mapumziko kwa mamilioni ya ndege wanaohama baada ya kuvuka Jangwa la Sahara, wakiwemo mwari na flamingo. Mwaka 2000 hifadhi hiyo iliwekwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ulio Hatarini kutokana na gugu la majini liitwalo salvinia, lililotanda juu ya maji. Wataalamu walitumia wadudu jamii ya fukusi wanaokula gugu hilo pekee, na mwaka 2006 Djoudj ikaondolewa katika orodha hiyo.

Safari ya Niokolo-Koba ilikuwa ndefu zaidi. Hifadhi hiyo ya hekta 913,000, inayopitiwa na Mto Gambia, ni makazi ya sokwe, pofu wakubwa na simba wa Afrika Magharibi, ambao sasa ni wachache mno. Ujangili na mpango wa kujenga bwawa la Sambangalou, upande wa juu wa mto, viliiingiza katika orodha ya hatari mwaka 2007. Iliondolewa Julai 2024, baada ya miaka 17. Kwa kulinganisha, Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ya hapa Tanzania yalikaa humo miaka 10, hadi mwaka 2014.

Katika Delta ya Saloum, iliyoandikishwa mwaka 2011, wavuvi wa vizazi vingi wamelundika makombe hadi yakawa vilima. Vimehesabiwa 218, na 28 kati yake vina makaburi ya kale. Duara za Mawe za Senegambia (2006) ni mali ya pamoja na nchi jirani ya Gambia, wakati Nchi ya Wabassari (2012) inahifadhi mandhari na mila za Wabassari, Wabedik na Wafulani wa kusini-mashariki.

Linalohitaji uangalizi wa karibu kwa sasa ni Kisiwa cha Saint-Louis, mji mkuu wa Senegal kuanzia mwaka 1872 hadi 1957, kilichoandikishwa mwaka 2000. Mwaka 2003, ili kuuokoa mji na mafuriko ya mto, ulichimbwa mfereji wenye upana wa takribani mita nne katika ukanda wa mchanga unaotenganisha mto na bahari. Maji yaliupanua hadi kufikia kilomita kadhaa, yakameza kijiji cha Doune Baba Dièye, na bahari inaendelea kula nyumba za wavuvi ukanda huo.