Mapumuziko kisha kutoka lopitali: nani analipa?

Kutoka lopitali haiko kusema mutu amepona. Mama aliyepasuliwa wakati wa kuzaa, munganga anamwambia apumuzike, akule muzuri, asibebe mizigo. Hapa Pweto, kandokando ya ziwa Moero, maneno hayo ni rahisi kusema. Juma halijaisha, tayari yuko na bidon ya maji kichwani.

Kuko inchi zilizofanya mapumuziko kuwa kazi ya serikali. Kule Uingereza, sheria ya afya ya mwaka 1946, iliyoanza kutumika tarehe 5/7/1948, iliruhusu serikali za mitaa kutunza watu kisha ugonjwa. Waliodhoofika waliweza kupelekwa kwenye nyumba ya mapumuziko, mara mingi karibu na bahari. Pale dawa ilikuwa chakula, usingizi na hewa safi. Aliyehitaji manesi alibaki upande wa lopitali, kwa sababu bajeti zilikuwa mbili. Na haikuwa lazima iwe bure: mugonjwa aliweza kuombwa achangie kadiri ya uwezo wake. Mwaka 1974 serikali za mitaa ziliondolewa kazi hizo za afya.

Ujerumani, Elly Heuss-Knapp, bibi ya rais wa inchi, alianzisha mwaka 1950 shirika la mapumuziko ya wamama. Leo kesi za bima ya afya ndizo zinalipa, kwa kawaida majuma 3.

Kwetu Kongo, Code ya kazi ya mwaka 2002 inamupa mufanyakazi mukubwa kongé ya siku 1 hivi kwa kila mwezi. Lakini iko ya mwenye kontra. Muvuvi, mulimaji, mama muuza samaki, hao kontra wataitoa wapi? Hata dawa za kifua kikuu, zinatolewa bure, na matunzo ya kawaida ni miezi 6. Chakula cha miezi hiyo hakiandikwe kwenye ordonansi. Kinatoka mufukoni mwa jamaa.

Basi, mbele ya kutoka lopitali, afazali bwana na mama-mukwe waitwe, munganga aseme mbele yao: majuma ngapi bila jembe, bila bidon, na aandike kwenye fishi. Mugonjwa akijisemea mwenyewe nyumbani, wengi wanazani ni uvivu. Relais wa komite ya afya (CODESA) anaweza kupita kuangalia kama inafuatwa.