Jinsi ya kuchagua programu za malipo na udhibiti wa oda katika duka la mtandaoni

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa kwenye mtandao, daftari hilo ni programu inayopokea malipo na kuisimamia oda tangu mteja anapobonyeza kitufe cha kununua hadi mzigo unapomfikia.

Aghalabu wauzaji huichagua programu hiyo kwa kutazama mapambo yake: rangi za kurasa, matangazo ya punguzo la bei na vitufe vinavyometameta. Hata hivyo, hasara za duka la mtandaoni hutokea mahali pengine kabisa, yaani katika mwanya uliopo kati ya oda na malipo. Oda ni ahadi tu ya mteja. Malipo ni pesa zilizokwisha kuingia. Programu isiyotofautisha mambo haya mawili humfanya muuzaji atume bidhaa ambayo haijalipiwa, au azuie bidhaa ambayo mwenyewe ameilipia.

Uthibitisho wa malipo

Nchini Kenya, suala la kwanza ni M-Pesa. Huduma hiyo ilianzishwa na kampuni ya Safaricom mnamo 2007, na ile ya Lipa na M-Pesa ikafuata 2013. Duka linaweza kumwonyesha mteja nambari ya till au ya Paybill ili alipe mwenyewe, au likatuma ombi la malipo moja kwa moja kwenye simu yake, naye akaweka nambari ya siri tu.

Njia ya kwanza ni rahisi kuanzisha, lakini humlazimu muuzaji kulinganisha kila malipo na oda yake kwa mkono. Isitoshe, huwapa mwanya walaghai wanaoonyesha ujumbe bandia wa simu kama ushahidi kwamba wamelipa. Njia ya pili huunganisha oda na malipo papo hapo.

Hata hiyo ya pili ina kasoro yake. Mtandao ukikatika baada ya mteja kulipa, taarifa ya malipo huenda isilifikie duka. Kwa hivyo programu bora ni ile inayoweza kuuliza upya hali ya muamala, na inayohifadhi msimbo wa M-Pesa wenye herufi na tarakimu 10 pamoja na oda inayohusika. Bila uwezo huo, mteja hulalamika kwamba amelipa ilhali duka linasisitiza kwamba halijapokea chochote.

Bidhaa moja, wanunuzi wawili

Chukua mfano wa muuzaji wa simu katika barabara ya Luthuli, Nairobi, aliyesalia na simu moja ya aina fulani. Wateja wawili wakiiagiza kwa wakati mmoja, nani ataipata?

WooCommerce, programu isiyolipiwa iliyozinduliwa 2011 na inayotumika kwenye tovuti za WordPress, ina kipimo cha dakika za kuishikilia bidhaa. Muda huo ukipita kabla ya malipo kuthibitishwa, oda hufutwa na bidhaa kurejeshwa kwenye hesabu ya zilizopo. Kipimo cha kawaida ni dakika 60, na mwenye duka anaweza kukibadilisha. Anayeuza pia kaunta na kupitia mitandao ya kijamii ahakikishe mauzo yote yanapunguza hesabu hiyo hiyo moja.

Masharti ya oda

Programu za udhibiti humwezesha muuzaji kuweka mipaka, mathalan idadi ya juu ambayo mtu mmoja anaweza kununua wakati wa ofa, thamani ya chini ya oda, au njia ya malipo inayoruhusiwa katika kila eneo.

Sharti hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwa maduka yanayokubali kulipwa mzigo unapofika. Mteja wa Lodwar au Lamu akiukataa mzigo mlangoni, muuzaji wa Nairobi hubeba nauli ya kwenda na ya kurudi. Ni busara programu iweze kuificha njia hiyo kwa maeneo ya mbali au kwa oda za thamani kubwa. Vilevile, muamala mmoja wa M-Pesa hauwezi kuzidi Sh250,000. Oda inayopita kiasi hicho sharti ielekezwe kwenye benki au kadi.

Sheria na gharama

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inataka mnunuzi wa mtandaoni apewe nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa na kusahihisha makosa kabla ya kufunga mkataba. Ukurasa unaomrusha mteja kutoka kwenye kikapu hadi kwenye malipo bila kumwonyesha jumla, nauli na anwani yake haumtendei haki. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtwika muuzaji jukumu la kuhifadhi kwa usalama majina, nambari za simu na anwani za wateja. Programu isiombe habari zisizohitajika katika kuuza na kusafirisha.

Kuhusu gharama, muuzaji asitazame ada ya kila mwezi pekee. Shopify, kampuni ya Canada, hutoza ada ya ziada kwa kila mauzo ya asiyetumia huduma yake yenyewe ya malipo, ambayo haipatikani katika kila nchi. WooCommerce haina ada hiyo, lakini mwenye duka hugharimia mwenyewe hifadhi ya tovuti, usalama na fundi. Ada hizi zote zijumlishwe na makato ya M-Pesa au ya kadi, kisha zilinganishwe na faida inayopatikana katika oda ya kawaida.

Majaribio kabla ya kununua

Programu nyingi huruhusu kipindi cha majaribio bila malipo. Katika kipindi hicho, muuzaji anunue bidhaa ya bei ndogo kutoka duka lake mwenyewe. Mara ya kwanza alipe kikamilifu; mara ya pili akatae kuweka nambari ya siri; mara ya tatu azime data punde tu baada ya kulipa. Kisha watu wawili waagize bidhaa ya mwisho kwa pamoja. Hatimaye arudishe bidhaa aone kama pesa, hesabu ya ghala na risiti vinaoana.

Programu itakayofaulu majaribio hayo inafaa kununuliwa hata ikiwa sura yake si ya kuvutia. Ile itakayoshindwa na hata moja iachwe, kwani kosa hilo hilo litajirudia siku ambayo oda ni mia moja na hakuna wa kuzikagua.