Upakaji rangi wa makabati ya jikoni: Mang'ula

Upakaji rangi wa makabati ya jikoni ni kazi ya kuyarudishia upya makabati ya zamani kwa kuyasafisha, kuyapiga msasa na kuyapaka rangi, bila kuyang'oa wala kununua mengine. Mang'ula ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilombero, mkoani Morogoro, ulio chini ya miteremko ya mashariki ya milima ya Udzungwa. Hapo kazi hii hupambana na mambo mawili: moshi na unyevu. Uzuri wake haupimwi siku rangi inapokauka, hupimwa masika yakishapita, na kinachoamua ni maandalizi kuliko bei ya kopo.

Jiko na moshi wake

Ni kawaida nyumba ya Mang'ula kuwa na majiko mawili: la nje, la kuni au mkaa, na la ndani lenye sinki, makabati na jiko la gesi. Kuni zina historia yake hapa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye makao makuu Mang'ula, ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi wanavijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani yake kwa siku maalumu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011, na familia zikageukia miti ya kupanda, mkaa, majiko banifu na baadaye gesi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034.

Mabadiliko hayo ndiyo yanayoipa rangi ya makabati nafasi ya kudumu. Moshi wa kuni huacha masizi yenye utomvu, na mvuke wa mafuta ya kukaangia huyagandisha juu ya mbao. Rangi ikipakwa juu ya utando huo hushika utando, haishiki ubao. Utando ukiachia, rangi nayo hubanduka. Nyumba ambayo bado inapikia kuni ndani ihamishe kwanza moto au iongeze dirisha.

Mbao zenyewe

Makabati ya seremala wa hapa huwa ya mbao ngumu, ya plaiwudi au ya mbao za unga ulioshindiliwa. Kila moja ina tabia yake. Mtiki, unaopandwa bondeni na Kilombero Valley Teak Company tangu miaka ya 1990, una mafuta ya asili yanayoikataa rangi. Hufutwa kwa kitambaa chenye tina muda mfupi kabla ya kupakwa. Kabati la mninga au mtiki lenye sura nzuri ni bora lipakwe vanishi, kwani kuufunika ubao wa namna hiyo ni hasara. Mbao za unga hufumuka zikinywa maji, hasa kwenye kingo, hivyo husafishwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, na kingo zake hupakwa praima ya mafuta mara mbili.

Msimu na saa

Miteremko ya mashariki ya Udzungwa hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Miezi inayofaa ni Juni hadi Oktoba, baada ya masika. Ndiyo miezi ambayo mpunga umeshavunwa na kuuzwa, fedha ya matengenezo ikapatikana. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, na hewa nzito yenye unyevu huichelewesha. Kwa kuwa milima iko upande wa magharibi, jua huzama nyuma yake mapema na baridi ya jioni huwahi. Kwa hiyo upakaji huanza asubuhi umande ukishakauka na kukoma saa nane au saa tisa mchana. Rangi inayokutwa na umande ikiwa mbichi hupoteza mng'ao.

Hatua za kazi

Milango na droo hufunguliwa zote, pamoja na bawaba na vishikio. Kila mlango huandikwa namba kwa penseli pale bawaba inapokaa, ili urudi mahali pake. Milango ya seremala hailingani hata ikionekana sawa. Husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, husuuzwa, huachwa ikauke. Kipimo cha usafi ni tone la maji: likisimama kama shanga, mafuta bado yapo, likitandaa, ubao uko tayari.

Hufuata msasa namba 120, puti kwenye mashimo na nyufa, msasa namba 220, kisha praima. Rangi yenyewe hupakwa mikono miwili myembamba, ikipishana kwa siku nzima, milango ikiwa imelazwa ili rangi isichuruzike. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Milango minane ya sentimita 40 kwa 60, pande zote mbili, ina karibu mita za mraba 4 tu. Makopo mawili ya lita moja hutosha milango na fremu zake.

Uchaguzi wa rangi

Jiko linalopoteza jua mapema hufaidika na rangi nyepesi juu, kama krimu, na nzito chini, kama kijani au kijivu, panapoguswa na miguu na ndoo. Nyeupe ya mafuta hugeuka njano ndani ya kabati lisiloona mwanga. Humo hufaa rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao.

Usalama

Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linahimiza kiwango kisichozidi sehemu 90 kwa milioni, na vipimo vya shirika la AGENDA la Tanzania viliwahi kukuta rangi za madukani zilizokivuka. Rangi ya zamani ipigwe msasa ikiwa imelowa, watoto na wajawazito wakiwa mbali. Mtungi wa gesi ufungwe wakati tina iko wazi. Tina iliyotumika isimwagwe mferejini: vijito vya Mang'ula huelekea mto Kilombero, ambao ardhi oevu yake iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002.

Matunzo

Rangi huonekana kavu kesho yake, lakini hukomaa kwa wiki kadhaa. Katika muda huo milango ifutwe kwa kitambaa laini bila kusuguliwa. Baada ya hapo, kuifuta mara kwa mara kwa maji ya sabuni na kuziba mapema kila mkwaruzo wa kingo kutaliwezesha kabati la kawaida kuvuka masika mengi, na fedha ya kununua jipya ikabaki kwa ada na chakula.