Uzingativu kwa walimu: Masasi na Newala

Uzingativu ni zoezi la kuelekeza fahamu kwenye pumzi, mwili na jambo linalotendeka wakati huohuo, bila kulihukumu wala kulikimbia. Zoezi hilo, lenye asili katika dini ya Buddha, lilifanywa kozi ya majuma manane na Jon Kabat-Zinn nchini Marekani kuanzia mwaka 1979, na baadaye likarekebishwa kwa ajili ya walimu ili kupunguza msongo na uchovu wa kazi, yaani hali ya mtumishi kuishiwa nguvu, kuwapa kisogo anaowahudumia na kujiona hafai. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa mwaka 2019, liliuhesabu uchovu huo kuwa zao la mazingira ya kazi, si ugonjwa.

Jijini New York, programu ya uzingativu ya mtafiti Patricia Jennings iliyowahusisha walimu 224 wa shule za msingi 36 ilipunguza fadhaa yao, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2017. Kwa Tanzania, uchunguzi wa Tobias Hecker, Mabula Nkuba na wenzao, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa walimu wa sekondari wenye msongo zaidi ndio wanaoadhibu kwa ukali zaidi. Hapa ndipo zoezi linapopata kazi halisi: kumpa mwalimu pumzi mbili tatu kabla mkono haujafika kwenye fimbo.

Kusini mwa Tanzania, Masasi, iliyo chini ya uwanda wa juu wa Makonde, na Newala, iliyo ukingoni mwake, zina vyanzo vya msongo ambavyo pumzi haiviondoi. Elimu bila ada ilijaza madarasa tangu mwaka 2016. Na kwa kuwa mchanga wa uwanda hunyonya mvua na kuuacha bila mito, maji yamechotwa kwa vizazi mabondeni, adha inayomkuta pia mwalimu aliyepangiwa kituo kutoka mkoa wa mbali. Msimu wa korosho nao huvuta watoto mashambani.

Mahali pafaapo kwa zoezi ni mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambamo walimu hukutana shuleni kwao. Kwa kuwa Waislamu ni wengi uwandani, na Masasi ina Waanglikana tangu misheni ya mwaka 1876, mkufunzi mwenye busara hubaki kwenye pumzi na kuacha istilahi za dini ya kigeni. Kipindi kikipangwa jioni, baada ya masomo ya ziada ya darasa la saba, walimu watakihesabu kuwa zamu nyingine.